Neno moja la Guilty Spark: nimecheza Halo: The Master Chief Collection kutafuta asili yetu

Nilinunua mkusanyiko huu wa gemu za Halo kwa ajili ya neno moja. Linasemwa karibu na mwisho wa gemu la kwanza la Halo, lile lililotoka Novemba 2001, katika hatua inayoitwa The Maw. Umepigana mpaka ukafika chumba cha uongozi wa meli, meli imeagizwa ijilipue, halafu ghafla amri inafutwa. Kumbe 343 Guilty Spark, yule roboti mlinzi wa pete kubwa ya angani, mwenye umbo la mpira, anayeelea akijiimbia, ameingia kwenye kumbukumbu za meli na anazisoma. Anasema, kwa furaha isiyofichika, kwamba huwezi kujua inavyosisimua kupata kumbukumbu ya muda wetu wote uliopotea. Kisha anauliza: historia ya wanadamu, sivyo?

Muda wetu. Hakusema wenu.

Mdogo wangu ndiye aliyelidaka. Nilikuwa nimeshika padi, nawaza risasi zilizobaki, naye ameketi chini ameegemea miguu yangu. "Dada, rudisha hapo. Amesema wetu?" Tukarudia hatua kuanzia mwanzo. Kweli, amesema. Usiku ule hatukumaliza gemu. Tulichukua daftari, tukachora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja tukaandika "sisi ndio wao", yaani wanadamu ndio waliojenga pete, na upande wa pili "sisi si wao", tukaanza kupanga ushahidi. Daftari lile ninalo mpaka leo, na mapitio haya nimeyaandika likiwa wazi mbele yangu.

Kwa asiyeijua hadithi, nitaieleza kwa kifupi. Ni mwaka 2552. Wanadamu wanaangamizwa na Covenant, muungano wa viumbe wa sayari mbalimbali wanaoshika dini moja. Wanaamini kwamba Forerunner, watu wa kale waliotoweka, walipaa wakawa miungu, na kwamba pete kubwa walizoziacha angani ndizo mlango wa kuwafuata. Ukweli ni kwamba pete hizo ni silaha. Zikiwashwa zinaua kila kiumbe mwenye akili, ili Flood, kimelea kinachoishi kwa kuteka miili ya viumbe hao, kikose chakula. Forerunner waliziwasha miaka ipatayo 100,000 iliyopita na ustaarabu wao ukaishia hapo. Maswali yanayobaki ni mawili: walikuwa akina nani hasa, na kwa nini mitambo yao inamtii binadamu peke yake?

Mkusanyiko huu unafaa kuliko kitu kingine chochote kwa mtu mwenye swali hilo. Ulitoka Novemba 2014 kwa Xbox One, na kuanzia Desemba 2019 ukaanza kuingia kwenye kompyuta, gemu moja baada ya jingine, mpaka Halo 4 ilipokamilisha orodha Novemba 2020. Una gemu sita ndani: Reach, Combat Evolved, Halo 2, Halo 3, ODST na Halo 4. Hatua zote ziko wazi tangu siku ya kwanza. Hulazimiki kumaliza gemu zima ili usikie sentensi moja. Unachagua The Maw, unacheza, unasikiliza, unaandika, unahamia Halo 2. Kwa anayecheza kwa mara ya kwanza uhuru huo unaweza kumharibia utamu, lakini kwa mpelelezi ni sawa na kupewa funguo za maktaba usiku.

Sifa ya pili ni kitufe cha kubadilisha picha. Katika Combat Evolved na Halo 2, kwenye kompyuta unabonyeza Tab na dunia yote inageuka: kutoka picha zilizochorwa upya kwenda zile za miaka ile. Jaribu katika hatua yenye jina la Guilty Spark mwenyewe, kule kwenye kinamasi ambako Flood wanatokea kwa mara ya kwanza. Katika picha mpya unaona miti, maji, mizizi, kila kitu kimepakwa rangi kwa ustadi. Bonyeza Tab na ukungu unakumeza. Huoni hatua kumi mbele. Nimeipenda kazi ya wachoraji wapya, ila hatua ile naicheza kwa picha za zamani kila mara, kwa sababu watengenezaji wa mwanzo walikusudia uogope kabla hujajua unaogopa nini. Ukiona kila kitu, hofu ile haipo.

Lipo pengo moja ambalo lazima niliseme: toleo la kompyuta halina kugawa skrini kwa wachezaji wawili. Sisi tulipokezana padi, mmoja anacheza, mwingine anaandika. Kuna pia historia ya 2014, ambapo mfumo wa kuwaunganisha wachezaji mtandaoni ulikuwa mbovu kiasi kwamba studio iliomba radhi hadharani na kuwapa bure kampeni, yaani sehemu ya hadithi, ya ODST waliocheza wiki zile za mwanzo. Kwa anayecheza hadithi peke yake, hayo hayamgusi.

Nirudi kwenye daftari.

Ushahidi wa pili uko hatua mbili kabla ya The Maw, katika Two Betrayals. Guilty Spark anamtaka Master Chief, askari unayemchezea, aiwashe pete. Chief anasita. Mlinzi anashangaa kweli, anauliza kwa nini asite kufanya jambo ambalo amekwisha kulifanya. Anaendelea: mara ile uliniuliza, kama uamuzi ungekuwa wangu, je, ningefanya? Nimepata muda mrefu wa kulifikiria swali lako, na jibu langu halijabadilika.

Soma tena maneno hayo. Mlinzi aliyekaa peke yake kwa miaka zaidi ya laki moja anamtazama binadamu na kumkumbusha mazungumzo yao ya mwisho. Mashabiki waliolisikia hilo mwaka 2001 walikuwa na haki kabisa ya kusema: basi Forerunner ni sisi wenyewe. Tuliwasha pete, tukabaki wachache, tukasahau. Na kila mara Guilty Spark anapomwita Chief kwa cheo cha Reclaimer, yaani mwenye kuja kudai kilicho chake, nadharia inapata mzizi mwingine. Mtu hadai kisichokuwa chake.

Kambi ya pili ilijibu kwamba mrithi si lazima awe mtoto wa damu. Ninaweza kukuachia nyumba bila wewe kuwa wa ukoo wangu. Kambi ya tatu, ambayo mdogo wangu ndiye wakili wake mkubwa, ilisema shahidi mwenyewe hafai: kiumbe aliyekaa peke yake muda wote huo amerukwa na akili, anachanganya sura. Ni hoja nzito. Nimeihangaikia kurasa nne. Lakini Halo 2 inaipunguza nguvu, kwa sababu pale ushahidi hautoki kinywani mwa mlinzi, unatoka kwenye mtambo. Mwishoni kabisa, Tartarus, jemadari wa Covenant mwenye nguvu za kutisha, anao ufunguo wa pete mkononi. Hawezi kuutumia. Inabidi aushike mkono wa Miranda Keyes, afisa wa jeshi la wanadamu, na kuulazimisha mkono wa binadamu uuingize ufunguo mahali pake. Jeshi zima, meli zote zile, dini ya maelfu ya miaka, na wote wanahitaji vidole vya mwanamke mmoja asiyekubali. Tukio lile halichukui muda mrefu. Lirudie mpaka uone mkono wake unavyokakamaa.

Mwaka 2007 riwaya ya Joseph Staten, mmoja wa waandishi wa gemu zenyewe, ilieleza kwa nini Covenant walitaka kutumaliza. Kifaa chao cha kutafuta masalia kilionyesha alama nyingi mno kwenye sayari ya wanadamu, wakadhani kuna hazina. Alama ile waliisoma kichwa chini. Haikumaanisha kitu cha kukusanywa, ilimaanisha Reclaimer. Viongozi walipogundua kwamba hao wanaowaita wadudu huenda ndio warithi wa miungu yao, walichagua vita kuliko aibu. Hapo nadharia ya mashabiki haikuwa tena mchezo wa pembeni. Ilikuwa ndiyo sababu ya vita.

Halafu hadithi inakuja Mombasa.

Sijui namna ya kulieleza hili kwa utulivu. Katika Halo 2 (Novemba 2004) unashuka New Mombasa, mji wa mwaka 2552 wenye lifti inayopanda mpaka angani. Katika Halo 3 (Septemba 2007) unapita Tsavo Highway, unafika Voi, na karibu na hapo, chini ya ardhi, Covenant wanafukua mtambo wa Forerunner mkubwa kupita kiasi: lango la kwenda kwenye Ark, mahali pete zote zinapoweza kuwashwa kwa pamoja. Katika ODST (2009) unatembea usiku kwenye mitaa ya mji ule uliokimbiwa na watu, na majina ya hatua ni Tayari Plaza, Kizingo Boulevard, Kikowani Station. Masikio yaliyozoea gemu kuzungumza Kiingereza cha Marekani yanasimama yakisikia Kizingo. Na si mapambo tu. Waliotunga walihitaji mahali pa kuficha lango ambalo Forerunner waliwaachia wanadamu, wakaliweka pande za dunia ambako kweli zimekutwa baadhi ya alama za kale kabisa za watu kutembea wima: nyayo za Laetoli zina umri wa miaka milioni 3.6. Ukimtafuta binadamu wa kwanza, unakwenda Afrika Mashariki. Hata miungu ya kubuni ilibidi ifike huko.

Sasa Halo 3, kiini cha mkusanyiko wote kwangu. Gemu hili linatoa majibu mawili, nayo hayapatani.

La kwanza ni la kelele. Katika hatua ya mwisho Guilty Spark anageuka, anampiga Sajini Johnson, askari mwenzake Chief, kwa mwali wake, halafu anamgeukia Chief na kusema hadharani kile tulichokingoja miaka sita: wewe ni mtoto wa waumbaji wangu, mrithi wa vyote walivyoacha, wewe ni Forerunner. Kwenye daftari hapo kuna alama ya mshangao iliyotoboa karatasi.

Jibu la pili ni la kimya, na wachezaji wengi wanalipita mbio. Kuna terminali saba zimefichwa: tatu katika The Ark, tatu katika The Covenant, moja katika hatua ya mwisho. Ziko pembeni ya njia, ndani ya vyumba ambavyo vita havikulazimishi kuviingia. Unasimama mbele ya kioo kinachong'aa, unabonyeza, na maandishi yanajaa skrini. Ni barua za watu wawili wa Forerunner, Didact na Librarian, zilizoandikwa wakati Flood wanakula kila kitu. Didact anamwomba Librarian, mwanamke anayempenda, arudi upande salama. Librarian yuko kwenye dunia ndogo ya mbali, ana kazi ya kuokoa viumbe kabla pete hazijawashwa, na hawezi tena kutoka. Katika barua moja Librarian anamwambia Didact kwamba amelima bustani. Ardhi ina rutuba sana, anasema, mbegu inaanguka na mti unaota.

Dunia ile ni hii yetu. Na wenyeji wake anawaeleza kama watu wengine, si Forerunner. Watu wa ajabu wanaostahili kulindwa.

Niliposoma barua ile mara ya kwanza niliweka padi chini. Nilikuwa nimekaa miaka upande wa "sisi ndio wao", nataka tuwe wakubwa waliosahau ukubwa wao. Barua ile ikanipa kitu kizuri zaidi: kwamba sisi tulikuwa sisi, watu wa kawaida kwenye ardhi yenye rutuba, na mmoja wa hao wakubwa alitutazama akachagua kufa akiwa kwetu. Na anayempenda ndiye aliyewasha pete, akijua alipo.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niishike tafsiri hiyo. Nadharia za wageni wa angani zina historia chafu nje ya gemu. Great Zimbabwe ilijengwa na mababu wa Washona, lakini serikali ya walowezi ya Rhodesia ilihangaika kutaka wajenzi waonekane ni wageni kutoka mbali. Vitabu vya miaka ya 1960 na 1970 vilifanya hivyo hivyo kwa kuwataja viumbe wa anga. Kila palipo na kazi kubwa ya mikono ya Mwafrika au ya watu wa Amerika ya kale, atatokea mtu wa kusema haikuwezekana, lazima walisaidiwa. Gemu nyingi zimeichukua njia hiyo bila kufikiri. Novemba 2007, miezi miwili tu baada ya Halo 3, zilitoka Assassin's Creed na Mass Effect. Ya kwanza, katika sehemu yake ya pili mwaka 2009, inasema wazi kwamba watu wa kale walituumba. Katika Mass Effect, wanadamu wanakuta masalia ya Prothean, watu wa kale waliotoweka, kwenye Mirihi na kurukia kwayo kwenda kwenye nyota. Nazipenda zote mbili. Ila Librarian wa terminali hakutuumba wala hakutufundisha kujenga. Alilima bustani, akatazama.

Halo 4 (Novemba 2012) ikaja na jibu rasmi. Katika hatua inayoitwa Reclaimer, Librarian mwenyewe anamtokea Chief na kueleza: wanadamu wa kale walikuwa na himaya kubwa ya nyota, walipigana na Forerunner huku wakiwakimbia Flood, wakashindwa, na Forerunner wakawarudisha nyuma mpaka wakasahau kila kitu. Anaongeza kwamba Chief ni tunda la mipango ya vizazi elfu. Basi sisi si wao, ila tulikuwa wakubwa karibu kama wao. Kila kambi imepewa kipande chake.

Kwa uzuri wa macho hatua ile ni ya juu, na sauti ya mwigizaji wake imejaa huruma. Lakini maelezo yanatiririka yote kwa mkupuo mmoja, mambo ya miaka laki moja ndani ya mazungumzo mafupi, na aliyekuja bila kusoma riwaya anabaki akiuliza Didact amekasirishwa na nini. Kinachonisikitisha zaidi ni ile mipango ya vizazi elfu. Mwanamke wa bustani amegeuzwa mfugaji anayechagua mbegu. Kila ambacho Chief amekifanya kwa ujasiri wake tangu 2001 sasa kimepangwa na mtu mwingine. Mdogo wangu hakubaliani nami hata kidogo, anasema bila Halo 4 tungebaki tunabishana milele. Mimi nikamwambia hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Neno "wetu" nalo? Hapa ndipo mkusanyiko unapokuacha njiani. Jibu lipo kwenye riwaya za Greg Bear zilizotoka kati ya 2011 na 2013, na ni zuri mno: 343 Guilty Spark mwenyewe alikuwa binadamu. Aliitwa Chakas. Nafsi yake ilihamishiwa kwenye ule mpira wa chuma, naye akaachwa kuilinda pete. Kwa hiyo kambi zote tatu zilimsikiliza shahidi zisijue ni nani. Kichaa hakuwa. Forerunner hakuwa. Alikuwa mtu aliyekaa mbali na watu wake miaka laki moja, akafungua kumbukumbu za meli, akakuta habari za nyumbani, akasema muda wetu. Kiswahili kinalibeba hilo vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa "wetu" yetu haisemi kama na wewe umo.

Gemu sita, saa nyingi sana za vita, na ukweli huu haukutamkwa hata mara moja na mhusika mbele yako katika kampeni hizo. Ni kosa kubwa la mkusanyiko kwa anayefuatilia asili. Bado ningeununua tena kesho.

Ukiuchukua, wengi watakushauri uanze na Reach kwa sababu matukio yake yanatangulia. Usiwasikilize. Fuata mwaka wa kutoka: 2001, 2004, 2007, ODST, ndipo mengine, ili nadharia ikue ndani yako kama ilivyokua kwa waliokuwepo. Washa maandishi ya chini. Katika Halo 3 usitoke The Ark bila terminali tatu. Na ukishamjua Chakas, rudi The Maw, kwenye chumba kile cha uongozi wa meli, umsikilize tena anavyofurahi.